Askari wa Hifadhi ya Saadani: maswali tunayoulizwa Bagamoyo kuhusu kazi yao ya kila siku

Ninasimamia klabu ya Malihai, yaani klabu ya wanafunzi ya uhifadhi, katika shule moja ya sekondari wilayani Bagamoyo. Maswali yaliyo hapa yametoka kwa wanafunzi, kwa wazazi wao, kwa wavuvi na kwa majirani wanaoishi mpakani mwa hifadhi. Mimi si mfanyakazi wa TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa. Majibu nimeyapata kwa kuwasikiliza askari wenyewe wanapotupokea na vijana, kwa kuzungumza na wazee wa vijiji, na kwa kuzisoma sheria ambazo kila mtu huzitaja na wachache huzifungua. Ninaandika kwa sababu watu wengi huku kwetu wanamjua askari wa hifadhi kwa bunduki yake tu, na bunduki ni sehemu ndogo sana ya kazi anayofanya.

Saadani ni ya Tanga au ni yetu Bagamoyo?

Ni ya pande zote mbili. Hifadhi ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,100, ikianzia maeneo ya mto Wami upande wa kusini na kupanda kaskazini hadi Pangani mkoani Tanga. Ilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, kwa kuunganisha lililokuwa Pori la Akiba Saadani, msitu wa Zaraninge na iliyokuwa ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja. Ranchi hiyo ilianzishwa miaka ya 1950 na kampuni ya mkonge ya Amboni ili kuwapatia nyama wafanyakazi wa mashamba, ikahangaika na mbung'o mpaka ikafungwa mwaka 2000.

Kijiji cha Saadani chenyewe kimezungukwa na hifadhi, na ni cha kale kuliko mipaka yote hiyo. Ilikuwa bandari ya misafara, na ndipo Bwana Heri bin Juma alipopigana na Wajerumani mwaka 1889. Ninalitaja hili mapema kwa sababu askari wa Saadani hafanyi kazi katika pori lisilo na watu. Kila siku anapishana na mvuvi, mama anayetoka kuchota maji, mwanafunzi na mfanyakazi wa mashamba ya chumvi.

Wakiamka asubuhi wanaanza na nini?

Wanaanza na paredi. TANAPA sasa ni sehemu ya Jeshi la Uhifadhi wa Wanyamapori na Misitu, ambalo ni jeshi usu, yaani lenye nidhamu na mfumo wa kijeshi, pamoja na TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori), TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Kwa hiyo kuna vyeo, saluti na amri. Silaha zinakaguliwa, risasi zinahesabiwa moja moja, na anayezichukua anatia saini. Mkuu wa kituo anaeleza yaliyotokea usiku: tembo wameonekana karibu na kijiji fulani, kuna moto umewaka ng'ambo ya mto, mtu ametoa taarifa ya pikipiki iliyopita njia ya panya alfajiri.

Kisha wanagawana kazi. Wengine wanabaki langoni, na kazi ya langoni si kukata tiketi peke yake: gari linalotoka hukaguliwa kama linaloingia, maana mkaa na nyamapori husafiri kuelekea nje. Wengine wanaondoka na gari, wengine na boti, na wengine kwa miguu. Mmoja au wawili wanakwenda vijijini kwa kazi za ujirani mwema, ambayo ni idara kamili yenye bajeti na miradi yake ya shule, zahanati na maji.

Masika inapochanganya mambo, mpango wote hugeuka. Udongo mweusi wa Saadani ukilowa, gari linazama hadi ekseli. Siku kama hizo, kikosi kilichopangiwa gari kinakuwa kikosi cha miguu.

Doria ya miguu ya siku kadhaa inakuwaje hasa?

Hili ndilo swali ninalopenda kulijibu kuliko mengine, kwa sababu hapa ndipo kazi yenyewe ilipo.

Kikosi kinabeba unga, maharage, dagaa, chumvi, sufuria, turubai au hema, vyandarua, dawa za huduma ya kwanza, redio ya mawasiliano, jipiesi na maji. Maji ndiyo mzigo mzito kuliko yote, na ndiyo yanayoamua njia. Wakati wa kiangazi askari wanapanga safari yao kwa kufuata mabwawa na vijito, na majangili nao wanajua hivyo hivyo, kwa kuwa wanyama wote watakwenda kunywa hapo. Bwawa moja linaweza kuwa na wageni wa aina tatu kwa usiku mmoja: kuro na nyati, anayewavizia, na anayemvizia huyo.

Wanatembea kwa mstari, wakiachana hatua kadhaa, bila kuzungumza. Anayetangulia anaangalia chini na mbele. Wa katikati wanaangalia kando. Wa mwisho anageuka nyuma kila mara. Ishara ni za mikono. Sigara haivutwi, kwa sababu moshi husikika mbali puani mwa mnyama na mwa binadamu pia. Kabla ya kuvuka kichaka kinene, mmoja anamwaga vumbi au majivu kidogo aone upepo unaelekea wapi. Upepo ukitoka mgongoni mwenu, nyati aliyelala mbele ameshawajua.

Jioni wanapika mapema, wakiwa bado na mwanga, kisha wanazima moto na kuhama. Hawalali walipopikia. Mtu aliyeuona moshi saa kumi na mbili akija usiku, atakuta majivu tu. Usiku unagawanywa kwa zamu za lindo, na lindo la kabla ya alfajiri ndilo gumu, kwa kuwa mwili unadai usingizi na hapo ndipo watu wa tochi, wawindaji wa usiku, wanapotembea.

Wanarudi wakiwa wamechubuka miguu, wameumwa na mbung'o mpaka shingo zimevimba. Mara nyingi wanarudi hawajamkamata mtu. Vijana wangu husikitika wakisikia hivyo, wanaona kama doria imepotea. Haijapotea hata kidogo. Eneo lililopitiwa na buti mara kwa mara, kwa siku zisizotabirika, ni eneo ambalo mtega nyaya anaogopa kurudi kukagua mtego wake.

Nyayo zinawaambia nini?

Zinawaambia nani alipita, lini na akiwa na hali gani. Unyayo ambao umeshapitiwa juu na mdudu wa usiku ni wa jana. Ukingo wa unyayo uliobomoka na kukauka ni wa zamani zaidi, na ule ambao umande umeukwepa ni wa asubuhi hii. Mtu mwenye mzigo anakanyaga kwa kisigino zaidi na hatua zake zinafupika. Anayetembea akiwa na haraka ya kukwepa anakanyaga majani pembeni mwa njia. Ndala, raba na pekupeku vyote vina hadithi yake.

Mzoga nao husomwa. Tai wakizunguka, kikosi kinakwenda. Kama simba ameua, utaona eneo la mvutano, mifupa iliyotafunwa na nyayo za fisi waliofuata. Kama ni binadamu, kuna mikato iliyonyooka ya kisu, ngozi imekunjwa, majani yamefunika damu, na pengine kuna vijiti vya kukaushia nyama pembeni. Kinyesi cha tembo kikipasuliwa kinaonyesha kama tembo huyo jana alikula mahindi ya mtu.

Askari wengi waliobobea katika hili hawakujifunza chuoni peke yake. Wamefundishwa na wazee wa vijiji hivi hivi, na baadhi ya wazee hao waliwahi kuwa wawindaji. Sioni aibu katika hilo. Ujuzi wa pori uko kwa waliokaa porini.

Mbona wanahangaika na nyaya kuliko bunduki?

Kwa sababu Saadani nyaya zinaua kimya na bila kuchagua. Mtegaji anatwaa waya wa uzio, waya uliochomwa kutoka kwenye tairi kuukuu au kebo ya breki, anaufanya tanzi, anaufunga kwenye mti kwenye mapito ya wanyama, anaondoka. Alikuwa anamtaka tohe au ngiri wa kuuza nyama. Tanzi humkamata pia mtoto wa twiga, mkonga wa tembo mdogo, au mguu wa chui. Mnyama anayekata waya anaondoka nao umezama kwenye nyama, akifa polepole kwa wiki nyingi mahali ambapo hata mtegaji hatampata. Mtegaji naye huwa ametega nyingi kwa mpigo na kusahau baadhi, na tanzi lililosahaulika linaendelea kufanya kazi.

Kwa hiyo askari wanachana vichaka kwa mstari mpana, wakikagua kila pito kwa urefu wa magoti na kwa urefu wa kifua. Waya ulioshika kutu kidogo hufanana sana na mzabibu wa porini. Wakiupata mpya, huweza kuamua kuuacha kwa muda na kuvizia. Kuvizia maana yake ni kulala kifudifudi kwenye siafu na mbu, pengine usiku kucha na mchana wake, kumsubiri mtu ambaye huenda asije.

Ujangili wa bunduki upo pia, na nchi hii imeuonja uchungu wake. Hesabu za tembo Tanzania zilishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Tembo walioanguka katika miaka ile waliuawa kwa ajili ya meno yaliyosafirishwa ng'ambo. Nyaya za Saadani, kwa upande wake, ni biashara ya kitoweo inayosafiri kwa bodaboda kwenda kwenye vibanda vya karibu.

Hifadhi ina bahari. Askari wa nchi kavu anafanya nini baharini?

Saadani ndiyo Hifadhi ya Taifa pekee Tanzania Bara ambapo mbuga ya savana inakutana na Bahari ya Hindi, na kazi ya ufukweni ni nusu nyingine ya maisha yao. Ufukwe wa Madete ni mahali ambapo kasa hupanda kutaga. Wakati wa kutaga, askari hutembea ufukweni usiku bila tochi, kwa sababu mwanga humfanya kasa ageuke na kurudi majini akiwa na mayai yake. Wanatafuta ile alama pana ya mapezi kwenye mchanga. Kiota kikiwa chini ya mstari unaofikiwa na maji ya bamvua, mayai yatakufa, kwa hiyo hufukuliwa kwa uangalifu na kuzikwa upya juu zaidi. Mayai hukaa ardhini takriban miezi miwili. Katika muda huo wanaoyatafuta ni nguchiro, kenge na binadamu.

Halafu kuna mikoko. Boriti za mikoko zina soko tangu enzi za majahazi, na mkataji huingia na ngalawa maji yakijaa na kutoka yakijaa tena. Anayetaka kumkuta lazima aijue ratiba ya maji kama anavyoijua yeye.

Uvuvi wa baruti uliitesa pwani ya Tanga kwa miongo mingi. Mapambano yake yako zaidi mikononi mwa maofisa uvuvi, polisi wa wanamaji na Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009, ila kishindo kikisikika, askari wa Saadani wanakitolea taarifa kama mtu mwingine yeyote anayeipenda pwani yake.

Ni mnyama gani wanayemwogopa zaidi?

Wageni hutarajia simba. Askari hutaja nyati, hasa dume lililojitenga na kundi, linalolala kwenye kivuli na halikimbii. Kiboko wa Wami anatisha usiku anapotoka kula majani, ukijikuta umesimama kati yake na maji. Tembo mwenye mtoto anahitaji nafasi kubwa. Mamba ni tishio zaidi kwa wanaochota maji na kuvua kandokando ya mto kuliko kwa wanaopiga doria.

Lakini anayewalaza wengi ni mbu. Malaria porini, mbali na gari, mvua ikiwa imefunga njia, ni hatari kubwa kuliko meno yoyote.

Tembo wameingia shambani kwangu usiku, nikapiga simu, wakafika asubuhi. Kwa nini?

Hasira hii ninaielewa, na sitaipunguza. Mtu amelima kwa jembe la mkono, mahindi yamebeba, kisha kwa usiku mmoja hakuna kitu. Ukweli ni kwamba askari ni wachache kwa ukubwa wa eneo, magari ni machache zaidi, na barabara za usiku ni mbaya. Kundi la tembo linaweza kugawanyika na kuingia vijiji viwili kwa wakati mmoja.

Wakifika, wanawafukuza kwa mwanga mkali, honi, kelele na baruti za kutishia, wakiwasukuma kurudi upande wa hifadhi. Usiwafukuze peke yako, wala usiwarushie mawe au moto. Tembo aliyejeruhiwa leo ndiye atakayemuua mtu kesho. Yako mambo yanayosaidia kabla hawajaja: kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, matofali ya kinyesi na pilipili yanayochomwa upande upepo unakotoka, mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwenye waya. Hakuna hata moja inayotosha peke yake, na tembo hujifunza, hivyo vijiji vinavyofanikiwa ni vile vinavyobadilisha mbinu na kulala lindo kwa zamu.

Kuhusu malipo: sheria haiiti fidia. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka malipo ya kifuta jasho na kifuta machozi kwa walioharibiwa mazao, waliojeruhiwa na familia zilizofiwa. Umbali wa shamba kutoka mpakani unahesabiwa, na kwa kanuni hizo shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka hifadhini halikupewa kitu. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji mapema, kabla ushahidi haujafutika, ili afisa wanyamapori wa wilaya aje kupima. Mimi naamini viwango na kasi ya malipo ni kidogo mno ukilinganisha na hasara, na askari niliozungumza nao wanasema hivyo hivyo, kwa kuwa wao ndio wanaotazamwa usoni na mwenye shamba.

Mtu akikamatwa, kinafuata nini?

Kinafuata kazi ambayo wengi hawaijui: karatasi. Askari anaandika wapi alimkamata mtu, saa ngapi, akiwa na nini. Vielelezo vinaorodheshwa mbele ya mtuhumiwa naye anatia saini. Anapelekwa polisi, na kila mtu anayekishika kielelezo, kuanzia porini hadi mahakamani, lazima aonekane kwenye kumbukumbu. Afisa wanyamapori anatoa hati ya tathmini inayoonyesha ni mnyama gani na thamani yake.

Nyama inaoza, kwa hiyo haiwezi kusubiri kesi. Hupelekwa mbele ya hakimu apate kuamuru iteketezwe, na mtuhumiwa anapaswa kuwepo na kusikilizwa kabla ya amri hiyo. Hatua hii ikirukwa, Mahakama ya Rufani imeshaonyesha kwamba ushahidi huo hauna nguvu tena. Kesi nyingi zimeanguka kwa kosa dogo kama hilo, askari akiwa amelala kwenye siafu bure. Ndiyo maana siku hizi mafunzo yao yana somo la ushahidi na eneo la tukio, na askari mzuri ni yule anayeweza kusimama kizimbani miaka miwili baadaye akaeleza alichokiona bila kuyumba.

Adhabu si ya mchezo. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, kupatikana na nyara za Serikali, yaani mnyamapori au sehemu yake, zenye thamani kubwa kunaweza kumfunga mtu miaka 20 hadi 30. Kijana anayebebeshwa mguu wa pundamilia kwenye pikipiki kwa ujira wa siku moja haambiwi hivyo na anayemtuma.

Wanaruhusiwa kumpiga mtu?

Hapana. Silaha ni ya kujihami na kuwalinda wengine maisha yao yakiwa hatarini. Mtu aliyekwisha kamatwa hapigwi, hata akiwa jangili wa kweli, na aliyedhulumiwa ana haki ya kulalamika polisi, kwa mkuu wa hifadhi na kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

Nchi hii ina kumbukumbu ya Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013, ya kupambana na ujangili, ambayo ilisimamishwa baada ya Bunge kupokea malalamiko ya wananchi kuteswa na hata kufa, na mawaziri wanne wakaondoka madarakani Desemba ya mwaka huo. Jeraha lile lilirudisha uhifadhi nyuma, kwa sababu mwananchi aliyepigwa hatoi taarifa tena. Na taarifa ndiyo inayomfikisha askari kwenye mtego.

Kwa nini wao wenyewe wanachoma hifadhi?

Mwanzoni mwa kiangazi, majani yakiwa bado na ubichi kidogo, wanachoma kwa mafungu. Moto wa wakati huo ni mdogo, unapita chini na kuacha miti. Pasipochomwa, majani yatakauka kabisa, na moto utakaokuja mwishoni mwa kiangazi, wa mrina asali au wa mtu anayesafisha shamba, utaingia hadi pembezoni mwa msitu wa Zaraninge, ambamo mna mbega na miti iliyochukua vizazi kukua. Majani mabichi yanayochipua baada ya moto huwavuta kongoni na kuro. Upande wa Mkwaja moto pia husaidia kuzuia vichaka vya migunga vilivyotanda kwenye malisho tangu enzi za ranchi.

Na mgogoro wa mipaka, kama Uvinje?

Askari hapangi mpaka. Analinda mpaka aliokabidhiwa kwenye ramani. Kitongoji cha Uvinje kimebishaniwa kati ya wenyeji na hifadhi kwa miaka mingi, na hoja za wenyeji zinatoka kwenye makaburi na minazi ya wazee wao. Suala la namna hiyo linamalizwa na Serikali, wizara ya ardhi, halmashauri na wanakijiji wakiwa meza moja. Kumtupia mzigo kijana mwenye buti aliyetumwa kulinda kigingi ni kumwonea, na kumtuma akamalize kwa nguvu kitu ambacho viongozi hawajakimaliza ni kumwonea zaidi.

Kuna njia halali ya kula nyamapori?

Ipo. Tangu kanuni za mwaka 2020, mabucha ya nyamapori yenye leseni yanaruhusiwa. Dai risiti. Nyama isiyo na risiti, inayouzwa usiku kwenye mfuko, ni ya ujangili, na haikupimwa na daktari wa mifugo.

Wanawake wapo?

Wapo, doria zote, boti, lango na uongozi. Vijijini wanasaidia kwa namna ya pekee: mama aliyemwona mgeni akinunua nyaya dukani atamwambia askari mwanamke kabla ya kumwambia mtu mwingine.

Mwanangu anataka kazi hii. Apitie wapi?

Amalize shule, asiidharau biolojia wala jiografia. Chuo cha Taaluma ya Wanyamapori Pasiansi, Mwanza, ndicho kinachowapika askari wengi, na Chuo cha Mweka, karibu na Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1963, kinatoa maofisa. Anayetaka kulinda ardhi ya kijiji chake kama askari wa wanyamapori wa kijiji hupata mafunzo Likuyu Sekamaganga, Namtumbo. Nafasi za TANAPA hutangazwa hadharani, na tangazo hutaja umri na sifa. Hakuna nafasi inayouzwa. Anayekuomba pesa ya "kupitisha jina" ni tapeli, na wazazi kadhaa hapa wilayani wameliwa fedha za mazao kwa njia hiyo.

Mwambie pia ukweli wa familia. Atahamishwa vituo. Kituo kinaweza kuwa mbali na shule ya watoto, hivyo wengi huacha familia mjini na kuonana nayo likizo. Sikukuu ya Idi au Krismasi itamkuta porini, kwa kuwa majangili wanapenda sikukuu. Kijana akisikia haya yote na bado macho yake yanang'aa, mwache aende.

Teknolojia imebadilisha nini?

Mengi kuliko inavyoonekana. Kikosi kinarekodi kwenye simu kila mtego, mzoga, kambi iliyoachwa na kundi la wanyama, pamoja na mahali pake. Programu ya SMART inayakusanya hayo na kuchora ramani ya wapi doria imepita na wapi haijapita. Zamani mkuu wa kituo alipanga kwa uzoefu wake tu, sasa anaona kwamba kona fulani haijakanyagwa tangu masika. Ndege nyuki, zile zisizo na rubani, husaidia kwenye mikoko. Hata hivyo, betri huisha, na hakuna mashine inayotegua tanzi.

Barabara ya lami ya Bagamoyo–Pangani–Tanga itawaletea kazi gani mpya?

Magari ya kasi. Mikumi wamekuwa na barabara kuu ndani ya hifadhi kwa miongo, na huko dereva anayemgonga mnyama hutozwa kulingana na mnyama aliyemuua. Kwetu, barabara itarahisisha kumfikisha mgonjwa hospitalini na kumletea mvuvi soko, na ninaifurahia. Ila lori la usiku ni gari la nyamapori na mkaa pia, hivyo vizuizi, matuta na ukaguzi vitakula watu ambao leo wako doria. Mwendo upunguzwe ndani ya hifadhi, hasa machweo na alfajiri, wanyama wanapovuka kwenda kunywa.

Nikiona kitu, nimwambie nani?

Mwambie askari wa wanyamapori wa kijiji chako, mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji, au nenda kituo chochote cha askari au lango la hifadhi lililo karibu. Ofisi ya afisa wanyamapori wa wilaya nayo inapokea. Eleza mahali kwa alama zinazojulikana, kama mbuyu, kivuko au kisima, kisha saa, idadi ya watu, na walikoelekea. Usiwafuate, usiwapige picha ukiwa karibu, na usiutegue mtego mwenyewe, maana nyayo zako zitafuta zao. Jina lako halihitajiki. Ukimkuta mnyama kwenye tanzi bado yu hai, kaa mbali naye na umzuie mtu mwingine asisogee, kwa sababu hifadhi huweza kumwita daktari wa wanyamapori kumchoma dawa ya usingizi na kumtoa waya. Akiwahiwa, wengi wao hupona.